Kiti cha Nyamizi

Maige alijua kilichokuwa kinaizima ile kompyuta kabla hata hajashuka kwenye pikipiki. Alijua kama mwizi wa kuku anavyojua manyoya yamefukiwa wapi. Hata hivyo alivua kofia ngumu, akachukua begi lake la bisibisi, akaingia studio na uso wa mtu anayekwenda kutafuta.

"Imezima tena, fundi," Kristofa alimwambia badala ya salamu. "Katikati ya harusi ya watu."

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Malambo, Bariadi mjini. Kristofa, mwenye mali, alipiga video za harusi, misiba na kwaya, kuanzia mjini hadi huko Busega ziwani. Mkewe Wilhelmina alipokea wateja na kupanga tarehe. Na Nyamizi, binti kutoka kijiji cha Nkololo aliyejifunza kazi hiyo kwa akili yake mwenyewe, ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta akazikata hizo video, akazitia rangi na moshi, na njiwa weupe wanaoruka pale bibi harusi anapovishwa pete. Njiwa ndio waliojaza wateja. Siku hizi ukimpa mtu wa Bariadi video ya harusi isiyo na njiwa, atakuuliza kama alioa au alihudhuria tu.

Kwa ajili ya njiwa hao Kristofa alinunua kadi ya pili ya picha. Kompyuta nyingi hutosheka na moja, na za maofisini hata hiyo moja hazina. Yake ikawa na mbili, zimelala moja juu ya nyingine ndani ya kasha, kila moja na feni zake, zikisaidiana kubeba video nzito. Maige ndiye aliyezifunga. Na Maige huyo huyo, kifua mbele, ndiye aliyewaambia waliokuja kushangaa kwamba kutoka hapo mpaka Mwanza hakuna mnyama kama yule.

Mnyama hula, lakini. Umeme wote wa kompyuta hupitia kwenye sanduku la chuma lililo nyuma ya kasha, mafundi huliita pawa saplai, na kadi mbili zinataka sanduku kubwa. Maige aliliagiza Mwanza. Basi likaja, sanduku halikuja. Pamba ilikuwa imeshauzwa, harusi zimepangana kama foleni ya kisimani, na Kristofa akawa anapiga simu kila akikohoa. Ndipo Maige akachomoa sanduku dogo kwenye kompyuta chakavu iliyokuwa ikichapiwa barua, akaunganisha waya kwa waya mpaka zikafika, akafunika kasha.

"Litabeba?" Kristofa aliuliza siku ile.

"Litabeba."

Alijisemea moyoni kwamba ni kwa muda tu. Sanduku kubwa lilipofika alilipokea, akaliweka chini ya meza ya kibanda chake kule stendi, akasema atalipeleka kesho. Kesho za mafundi mnazijua. Na kila siku ilipopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, kwa sababu kulibadilisha kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka aseme kwamba yule mnyama aliyemsifia mji mzima alikuwa anamlisha uji.

Basi siku hiyo akaketi sakafuni, akafungua kasha, akaanza kutafuta kitu alichokuwa anakijua. Alipuliza vumbi na nyuzi za pamba zilizokwama kwenye feni. Alichomoa kadi ya juu, akaisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akachomoa ya chini, akafanya vivyo hivyo. Akazibadilisha nafasi. Akafuta draiva, zile programu za kuziendesha kadi, akaziweka upya. Mtu asiyejua angemwonea huruma kwa jasho lile. Mikono yake ilifanya kila kitu ila kulisogelea lile sanduku.

Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Fundi, mimi nimejaribu hivi," alisema kwa upole. "Nikizima kadi moja, ile nyingine inafanya kazi vizuri tu. Nikibadilisha, nikazima hiyo, hata ile ya kwanza ni nzima. Zikifanya kazi pamoja ndipo inazima. Sasa mimi najiuliza, hizi zinakula umeme kutoka wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa mbele ya Maige, mpana kabisa, na angeweza kupita na heshima yake. Angesema tu, "Umepatia, dada yangu, kosa ni langu." Lakini Kristofa alikuwa pale, na Wilhelmina naye, na mteja mmoja wa harusi ameegemea mlango. Maige alihisi masikio yanapata moto.

"Umeme hauna shida," alisema. Kisha, ili kicheko kifunike uongo, akaongeza, "Kuna watu tu mashine haziwapendi."

Mteja alicheka. Kristofa alicheka kidogo. Wilhelmina hakucheka.

"Hata mimi nilikuwa nasema," alisema Wilhelmina. "Kristofa akikaa hapo haizimi. Mimi nikikaa haizimi. Akikaa huyu tu, inazima."

Na ilikuwa kweli, ndiyo balaa lenyewe. Kristofa akikaa alisikiliza muziki na kutazama picha. Wilhelmina aliandika tarehe. Nyamizi peke yake ndiye aliyeipa mashine kazi ya kurenda, yaani kuipika video mpaka iive, kazi inayoziamsha kadi zote mbili kwa pamoja na kulimaliza nguvu lile sanduku la barua. Maige aliyajua hayo yote. Alifunga begi lake akaondoka, na Nyamizi akamshukuru kwa kuja.

Mzaha wa fundi si kama mzaha wa mlevi. Mlevi akisema, watu hucheka wakapita; fundi akisema, watu huenda kusimulia. Haikupita wiki, maneno yakawa yamefika sokoni yamevaa nguo nyingine: kwamba yule binti wa Nkololo ana mkono mzito, akishika kitu kinakufa, hata fundi amekiri. Wengine wakakumbuka redio iliyonyamaza, wengine taa ya shule. Lisemwalo lipo, walisema. Kompyuta ilipozima tena, safari hii katikati ya video ya msiba wa mtu mkubwa, Wilhelmina alipiga ishara ya msalaba na Kristofa akamwambia Nyamizi akapumzike nyumbani, wataitana.

Aliondoka bila hata kuchukua sweta lake. Lilibaki limeanikwa kwenye mgongo wa kiti, na hakuna aliyetaka kuligusa. Walikitoa kiti chenyewe na sweta lake, wakakiweka barazani.

Maige aliposikia, usingizi ulimruka. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Mwishowe akapata akili aliyoiona nzuri mno: atalibadilisha sanduku kimyakimya, kompyuta itapona, Kristofa ataona kwamba shida haikuwa binti, atamwita. Kila mtu atapata chake na hakuna atakayeaibika. Alikwenda mchana Kristofa akiwa ametoka, akamwambia Wilhelmina amekuja kusafisha vumbi la pamba, akaliweka sanduku kubwa, akaondoka na dogo ndani ya begi. Njiani alipiga mluzi. Alijiona amezibua mtaro.

Kumbe amejenga ukuta. Kristofa alikuwa amemchukua mtu mwingine, Josia wa Mwanhuzi, kijana aliyewahi kufanya kazi kama hiyo Shinyanga. Josia akakaa, akarenda kwaya, akarenda harusi, akawarusha njiwa mpaka wakajaa skrini. Mashine kimya kama maji ya mtungini. Kristofa akampigia Maige simu.

"Fundi, wewe uliona mbali," alisema, sauti imejaa shukrani. "Tangu yule binti aondoke haijazima hata mara moja. Mimi sikuwa naamini mambo haya, sasa naamini."

Kristofa alipokata, Maige aliitupa simu juu ya meza ya kibanda. Kabla ya pale, Nyamizi alikuwa anashukiwa. Sasa alikuwa amethibitishwa, na aliyemthibitisha ni yeye, kwa bisibisi yake mwenyewe. Alijisikia mchafu, mchafu wa ndani, ule usiotoka kwa sabuni.

Nyamizi alijaribu kwingine. Alikwenda kwenye duka la stesheneri la Mama Harieth, mtu wa Moshi, mke wa afisa, mlokole aliyekuwa akiwahubiria Wasukuma waache ushirikina. Mama Harieth alimwambia yeye kwa kweli haamini kabisa vitu hivyo, ila ana printa moja tu. Basi binti akarudi kukaa na mama yake sokoni, kuuza michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, vitu visivyo na waya.

Maige alikwenda huko alasiri moja. Alijiambia anakwenda kununua matobolwa, na kweli alinunua, maana mtu mwenye hatia hupenda kuwa na shughuli mkononi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yake Nyamizi, akiinama kidogo.

"Mwadila, baba." Mama alimtazama vizuri, uso ukafunguka. "Wewe si yule fundi? Mwanangu kanisimulia. Anasema wote walimgeuka, wewe tu ulikuja ukahangaika sakafuni, ukatoa jasho kumtafutia ukweli. Wabeja, asante, baba. Mungu akuzidishie."

Akapima kopo la matobolwa likafurika, akaongeza mkono mmoja wa nyongeza, kisha akaongeza mwingine. Maige aliupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Jumamosi tunampeleka Nkololo," mama aliendelea, akishusha sauti. "Kuna mganga, ataoshwa huo mkono. Tumeshatafuta mbuzi. Mimi sijui kama upo au haupo, baba, lakini jina likishaharibika hata mchumba hapiti mlangoni."

Wakati huo mteja mmoja, mama mtu mzima, alimnyooshea Nyamizi simu amsomee ujumbe. Ni kitu kidogo, kila siku watu wa sokoni huwasomea wazee ujumbe. Nyamizi alirudi nyuma, akaficha mikono yake chini ya kanga.

"Nikusomee bila kushika, mama. Iweke hapo kwenye gunia, nitaisoma hapo hapo."

Hakuwa anatania. Alisoma ameinama, mikono imefichwa, kama mtu anayenusa chakula cha moto. Alipomaliza alimgeukia Maige.

"Fundi, wewe unazijua mashine," alisema. "Niambie ukweli. Inawezekana mtu akawa hivyo na mwenyewe asijue?"

Maige alifungua kinywa. Kilichotoka ni, "Nitakuja." Hata yeye hakujua anajibu nini. Aliondoka na nyongeza zake mbili mkononi, na njia nzima hakuweza kula hata kipande kimoja. Kusemwa na watu ni jambo moja. Lakini yule binti alikuwa ameanza kuiogopa mikono yake mwenyewe, mikono iliyokuwa ikirusha njiwa, na hilo Maige hakuweza kulibeba.

Ijumaa asubuhi alilitia sanduku dogo kwenye begi, akampigia Kristofa kwamba anakuja kufanya jaribio la muhimu na asitoke mtu. Akamtuma dereva wa bodaboda akamlete Nyamizi na mama yake. Alipofika alikuta studio imejaa: wanakwaya wa Kalemela, huko Busega, walikuwa wamekuja kuchukua video yao, wamekaa kwenye mabenchi na mafulana ya kufanana. Maige alitamani wasiwepo. Halafu akafikiri kwamba uongo aliusema mbele ya watu, basi na hili liwe mbele ya watu.

Nyamizi alikuja na mama yake, wakasimama barazani karibu na kile kiti chenye sweta. Wilhelmina alipomwona alivuta mkoba wake karibu.

Maige hakuzungumza sana. Alifungua kasha, akachomoa sanduku kubwa, akaweka dogo, akafunga nyaya zile zile za kuungaunga.

"Kristofa, kaa wewe," alisema. "Kiti hicho hicho cha Josia. Kisha bonyeza kurenda hiyo video ya Kalemela."

"Mimi?"

"Wewe. Na kadi zote mbili ziwe zinafanya kazi. Josia, mwonyeshe."

Kristofa alikaa akicheka, Josia akamwelekeza kwa kidole, akabonyeza. Feni zilianza kuvuma, zikapanda, zikalia kama kinu cha pamba. Kwenye skrini mstari wa kijani ulisogea taratibu. Wanakwaya walinyanyua shingo. Mstari haujafika hata nusu, skrini ikawa nyeusi, feni zikanyamaza.

"Ni kwa sababu huyu yuko hapo nje," Wilhelmina alisema.

"Sawa," alisema Maige. "Ukitafuta tatizo badili kitu kimoja tu, vingine uviache vilivyo. Yeye atabaki pale pale aliposimama."

Akalichomoa dogo, akalirudisha kubwa. Akamkalisha Wilhelmina. Wilhelmina alibonyeza kwa ncha ya kucha. Feni zikavuma, zikapanda, mstari ukatembea, ukapita nusu, ukaendelea. Nyamizi alikuwa bado amesimama pale pale. Ukafika mwisho. Kwaya ya Kalemela ikaanza kuimba kwenye skrini, imesimama ufukweni, njiwa wanaruka juu ya mitumbwi. Wanakwaya wenyewe hawakuangalia. Walikuwa wanamwangalia fundi.

"Haya sasa mnisikilize," Maige alisema. Alilinyanyua lile sanduku dogo kwa mikono miwili ili wote walione. "Hili ndilo lililokuwa linaizima kompyuta. Niliweka mimi, nikijua ni dogo. Kristofa, uliponiuliza kama litabeba nilikudanganya. Nyamizi aliponiuliza umeme unatoka wapi, alikuwa amelipata tatizo kabisa, nami nikamfanyia mzaha ili msilione. Nikaja kulibadilisha kwa siri, ndiyo maana haikuzima kwa Josia. Binti hana mkono mzito. Mkono mzito ni wangu."

Mzee mmoja wa kwaya alivua kofia, akaivaa tena. Kristofa alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, na Maige akangoja atukanwe, akatamani hata atukanwe. Lakini Kristofa alimpita akaenda mlangoni.

"Nyamizi," alisema. "Ingia, mdogo wangu. Kaa hapa ubonyeze na wewe, kila mtu aone, yaishe. Kazi yako ipo. Nitawaweka wote wawili, wewe na Josia."

Nyamizi hakuingia. Alikuwa amemkazia macho Maige.

"Siku ile nilipokuuliza," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na juzi sokoni nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea chenji na kuikuta pungufu. Kisha akamgeukia Kristofa.

"Sikai, kaka. Nikikaa nipimwe, hata ikiwaka, nitakuwa nimekubali kwamba nilistahili kupimwa. Mimi si kadi ya kuchomoa na kuchomeka. Mlinisema sokoni, njooni mnisafishe sokoni, wewe na dada Wilhelmina na huyu fundi. Mkishafanya hivyo ndipo tutaongea habari ya kazi."

Akachukua sweta lake kwenye kiti, akalikung'uta vumbi, akalivaa ingawa jua lilikuwa kali. Mama yake alimfunika bega kwa ncha ya kanga, wakaondoka.

Walikwenda sokoni kweli. Kristofa alisema kwa sauti, mbele ya wauza dagaa na wauza nyanya, kwamba amemkosea binti wa watu. Wilhelmina alisema pia, kwa sauti ndogo, akaambiwa aongeze, akaongeza akilia. Maige alisema wa mwisho, akasema yote, hata lile la "Nitakuja". Wanawake walimsikiliza wakiwa wamekunja mikono, na mmoja akatema mate pembeni. Mbuzi wa Nkololo akabaki zizini. Baada ya siku chache Nyamizi alirudi studio, na kiti chake kikatolewa barazani kikawekwa ndani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile pale sokoni, maneno yalipokwisha na watu wakatawanyika, Maige alibaki amesimama mbele ya magunia ya michembe, hajui aende wapi. Yule mama mtu mzima alikuwa amekuja tena na simu yake, na Nyamizi aliipokea mkononi, akaishika sawasawa, akamsomea ujumbe kwa sauti wakicheka.

"Nipimie kopo moja la matobolwa, mayu," Maige alisema.

Mama alichukua kopo, akalijaza. Kisha akapitisha kiganja juu yake, akalifuta likawa sawa na ukingo, viazi vilivyozidi vikaanguka guniani kimoja kimoja. Akalimimina kwenye mfuko, akamkabidhi, akamgeukia mteja mwingine.

Ilikuwa haki yake kabisa, kopo kamili. Maige alisimama kidogo akiwa ameshika mfuko, kama anangoja kitu, kisha akakumbuka hana anachongoja.